Kabla ya Spana, Hewa

 Leo ni siku ya mapumziko, na najua wengi mnaonisikiliza hamko sebuleni. Mko uani au kwenye banda la gari. Redio iko dirishani, boneti iko wazi, spana zimetandazwa chini. Mmoja anabadilisha plagi, mwingine anatafuta mpira unaovuja, mwingine amemwita fundi nyumbani ili kazi ifanyike mbele ya macho yake. Ninyi ndio ninaotaka kuzungumza nanyi leo, na ninaomba mweke spana chini kwa dakika chache. Mada yetu ni moto katika gereji ya nyumbani.

Kutengeneza gari nyumbani ni jambo jema. Mengi ya magari yetu yalikwisha kutembea miaka Japani kabla ya kushushwa bandarini, na gari la umri huo linataka mkono wa mara kwa mara. Mwenye kujua kubadilisha oili, breki au mkanda wa feni anaokoa fedha ya familia. Kijana anayemshikia mjomba wake tochi chini ya gari huenda ndiye fundi wa kesho. Kwa hiyo sikuja kumkataza mtu. Nataka umalize kazi yako, unawe mikono, uingie ndani kula na wenzako, na nyumba iwe imesimama.

Nitasema mengi, lakini yote yanatoka katika neno moja: kabla ya kushika spana, shughulikia hewa. Moto wa gereji huanzia hewani. Anayeielewa hewa iliyomzunguka amekwisha kuzuia sehemu kubwa ya hatari kabla hajalegeza nati ya kwanza.

Petroli ikimwagika, macho yetu hukimbilia kile kidimbwi cha sakafuni. Sasa elewa jambo hili vizuri: petroli iliyo kimiminika haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu yake na kuchanganyika na hewa. Nayo petroli ni nyepesi mno kutoa mvuke. Hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri inatoa mvuke wa kutosha kushika moto. Asubuhi ya baridi kali kabisa ya Makete au Njombe haifiki hata karibu na hapo, sembuse mchana wa Januari Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Usijifariji kwamba leo kuna ubaridi, petroli haitasumbua. Kwetu itasumbua mwaka mzima.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Ndiyo sababu haupandi ukatokea dirishani. Unatiririka sakafuni kama maji. Unafuata mteremko, unaingia kwenye shimo la kukagulia gari, unapita chini ya mlango, unaelekea jikoni. Huuoni. Harufu yake unaisikia mwanzoni, kisha pua inaizoea, nawe unadhani imeondoka.

Hauhitaji kuwa mwingi. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, hewa hiyo tayari inaweza kuwaka. Lita moja ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke, inatosha kuzitia hatarini zaidi ya mita 10 za ujazo za hewa. Pima banda lako. Kama lina upana wa mita tatu na urefu wa mita sita, hewa hiyo inaweza kuifunika sakafu yote mpaka magotini. Na wewe uko wapi saa hiyo? Umelala chini ya gari, kifua na uso vikiwa ndani ya ule mvuke.

Halafu inakuja cheche. Wengi hungoja cheche kutoka kwenye kiberiti au sigara, lakini cheche ina milango mingi. Swichi ya taa hutoa cheche ndogo ndani yake unapoiwasha na unapoizima. Mota ya feni hutoa cheche. Friji ya jikoni inajiwasha yenyewe bila kukuuliza. Jiko la mkaa barazani linawaka wakati wote. Mvuke ukikifikia kimojawapo, moto hurudi kwa kasi kwenye njia uliyopita mvuke, mpaka kwenye petroli iliyomwagika, na aliyelala chini ya gari hapati nafasi ya kutoka.

Taifa letu lilifundishwa somo hili kwa uchungu mkubwa. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Miaka kumi kabla ya hapo, Januari 2009, msiba wa namna hiyohiyo ulitokea Sachangwan, nchini Kenya, na huko nako walikufa zaidi ya watu 100. Sisemi haya kuwalaumu marehemu. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nayasema kwa sababu waliosimama pale walikuwa ndani ya mvuke, na mvuke ule ndio ule ule ulioko kwenye dumu lako la lita tano nyuma ya mlango. Kilichotofautiana ni wingi, tabia yake ni ileile.

Sasa tumwangalie fundi wa mtaani, yule anayefanya kazi chini ya mwembe. Tumezoea kumwona kama mtu ambaye bado hajapata mahali pa maana pa kufanyia kazi, na mwenye kibanda cha matofali nyumbani hujiona amepiga hatua. Kwa upande wa moto, mwembe una faida kubwa. Upepo unapita pande zote, chini na juu. Mvuke unaotoka kwenye mpira wa mafuta unatawanyika kabla haujajikusanya. Sisi tumejenga kuta tatu, tukaweka geti la bati, tukaziba matundu ili panya na mwizi wasiingie, kisha tunafungua tanki humo ndani. Tumemfukuza mlinzi mkuu wa kazi ile, ambaye ni upepo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii. Kazi yoyote inayogusa mafuta, iwe mpira, chujio, pampu, kabureta au tanki, ifanyikie nje. Kama gari haliwaki, waite vijana walisukume. Kama haiwezekani kabisa, fungua geti lote na mlango wa upande wa pili, hewa ipite kutoka huku kwenda kule, na ipite hasa usawa wa sakafu. Usiwashe feni ya kawaida ukidhani unafukuza mvuke, maana mota yake inaweza kuwa ndiyo cheche yenyewe. Mwombe mama au dada aliye jikoni azime jiko au alihamishe mbali, kwa heshima, na umweleze sababu. Mlango unaounganisha banda na nyumba ufungwe. Watoto waende wakacheze kwingine.

Na geti, ndugu yangu, geti lisiwe na kufuli. Kwa kuogopa wezi tunajifungia. Mtu anafanya kazi usiku, geti limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko chumbani, madirisha yana nondo. Moto ukianza, nyumba ile imekuwa mtego. Unapofanya kazi na gari, kufuli litolewe na njia ya kutokea ibaki wazi, isizibwe na matairi wala maboksi.

Nichukue kazi moja niieleze kwa kirefu, kwa sababu ni ya kawaida sana na ni ya hatari kuliko nyingi: kubadilisha pampu ya mafuta. Katika magari mengi madogo ya Kijapani tanki liko chini ya kiti cha nyuma. Unainua kiti, unakuta kifuniko, unakifungua, pampu hiyo hapo. Urahisi huo ndio unaodanganya. Umefungua tanki la petroli ndani ya chumba cha gari, penye zulia, sponji na waya za umeme. Mvuke unajaa humo, na hauna pa kutokea ila milangoni.

Anza hivi. Gari liwe nje, milango yote minne na buti viwe wazi. Kwenye injini ya EFI, ile isiyotumia kabureta, mafuta hukaa kwenye bomba kwa shinikizo kubwa. Ukilegeza bomba bila kulitoa shinikizo, petroli itakurukia usoni au kwenye ekzosi yenye moto. Chomoa fyuzi ya pampu, washa gari, uliache mpaka lizime lenyewe, kisha upige starta mara moja zaidi. Zima, uache injini ipoe. Halafu fungua betri, ukianza na upande hasi. Kwa nini hasi? Kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche itaruka palepale. Wakati wa kufunga unageuza: chanya kwanza, hasi mwisho.

Kuondoa betri kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kila mlango ukifunguliwa, taa ya ndani inawaka, ukifungwa, inazima. Betri ikitoka, swichi zote hizo zinatulia. Kwa mwanga, tumia tochi ya LED inayofungwa kichwani. Ile globu ya zamani ya kuning'iniza kwa waya ni hatari: ikianguka ikapasuka, au ikidondokewa na petroli, waya wake wenye moto unatosha kuwasha kila kitu.

Pampu ikishatoka, iweke kwenye sinia la chuma, na mdomo wa tanki ufunikwe mara moja. Hapo ndipo linapofanyika kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wazoefu kabisa. Fundi anataka kujua kama pampu ni nzima, basi anachukua waya mbili, anazigusisha kwenye betri, pampu ikiwa bado inadondosha petroli, na tanki limeachama mbele yake. Kila mguso wa waya ule ni cheche. Nakusihi, usikubali jambo hilo lifanyike kwenye gari lako. Kama lazima pampu ipimwe, ipelekwe mbali kabisa na tanki, ikauke, na ipimwe na mtu mwenye kifaa cha kuipimia. Ukirudisha pampu, weka sili mpya. Sili iliyochoka huendelea kuvujisha mvuke ndani ya gari siku zote zinazofuata. Ukimaliza, usikimbilie kufunga betri. Acha milango wazi mpaka harufu iishe, na mwite mtu ambaye hakuwa hapo anuse badala yako, kwa sababu pua yako imeshazoea.

Nimetaja betri. Yenyewe nayo ina hewa yake. Betri ya kawaida ya asidi inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, hutoa haidrojeni. Gesi hii ni kinyume cha mvuke wa petroli: ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kujikusanya chini ya dari. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Ndiyo maana nasema hewa ipite chini na juu. Chini kwa ajili ya petroli, juu kwa ajili ya betri. Usichaji betri chumbani unapolala, wala kwenye banda lililofungwa usiku kucha. Zima chaja kwanza ndipo utoe vibanio, maana ukivivuta umeme ukiwa unapita, vitatoa cheche juu ya gesi.

Na unapoliamsha gari kwa betri ya gari la mwenzako, ile tunayoita kubusti, kibanio cha mwisho cha upande hasi usikifunge kwenye betri iliyokufa. Kifunge kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Kibanio cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na ni afadhali itoke mbali na haidrojeni.

Tuje kwenye kuchomelea na kupiga grinda. Cheche za grinda zinaruka mita nyingi. Wanaosimamia usalama huhesabu hadi mita 10. Kwa hiyo banda lako lote liko ndani ya eneo la hatari. Ondoa madumu, makopo ya rangi na thina, matambara, maboksi. Ukichomelea sakafu ya gari, kumbuka upande wa pili wa bati kuna zulia na sponji usivyoviona. Vitoe kwanza, au mwenzako akae ndani akitazama. Na kazi ikiisha usiondoke. Kaa pale walau nusu saa, maana cheche iliyoingia kwenye sponji hufuka polepole bila ndimi za moto, kisha huwaka wakati watu wamekwenda kulala.

Juu ya tanki la mafuta nitasema bila kuzungusha: usilichomelee nyumbani. Watu husema, "Tanki ni tupu, tumemwaga mafuta yote jana." Tanki tupu ndilo la hatari zaidi. Lililojaa petroli halina nafasi kubwa ya mvuke na hewa, lakini lililomwagwa limejaa mchanganyiko huo pande zote, na masalia kwenye pembe zake yanaendelea kuuzalisha. Moto wa kuchomelea ukiligusa, linapasuka. Tanki lililotoboka lipeleke kwa mtu mwenye utaratibu wa kulisafisha na kulitoa mvuke kabisa, au nunua jingine. Bei ya tanki si kubwa ukiilinganisha na macho au mikono ya mtu.

Kuna desturi nyingine ambayo ningependa tuiache pamoja: kuosha vyuma kwa petroli. Naijua sababu yake. Petroli inakata grisi haraka na inakauka yenyewe. Lakini huko kukauka maana yake imeingia yote hewani. Beseni moja la petroli lililo wazi linatoa mvuke muda wote unaposugua, na kifua chako kiko juu yake. Tumia maji ya moto na sabuni kali ya unga, au dawa ya kusafishia injini inayochanganywa na maji. Wapo wanaotumia dizeli. Dizeli haitoi mvuke kirahisi hivyo, lakini usiimwage kwenye injini yenye joto, na isikufanye uache tahadhari nyingine. Hali kadhalika thina kwa wanaopiga rangi nyumbani: mvuke wake unawaka kama wa petroli, na bomba la rangi linausambaza banda zima kwa dakika chache.

Kumimina petroli kwenye kabureta ili injini ishike, kama wengi wanavyofanya kwa pikapu za zamani, pikipiki na jenereta, nako tukuache. Injini ikijibu kwa kurudisha moto juu, mwali unakutana na chupa iliyo mkononi mwako. Na petroli isikae kwenye chupa ya maji. Mtoto anaweza kuinywa, na plastiki ya chupa haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumia dumu la mafuta lenye kifuniko kinachobana, likae kivulini, nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko. Ukienda kulijaza kituoni, literemshe chini kwanza. Likijazwa likiwa juu ya zulia la gari au bodi ya plastiki, linaweza kukusanya umeme tuli na kutoa cheche.

Upande wa umeme wa gari nitapita kwa haraka, lakini usiusahau. Fyuzi ikikatika kila mara, inakueleza kuwa kuna waya umechubuka au kifaa kinavuta umeme kupita kiasi. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi hajatengeneza kitu. Ameondoa ulinzi, na moto utakuja baadaye, labda gari likiwa limeegeshwa chini ya dirisha la watoto. Tambara lililosahauliwa juu ya ekzosi nalo limeteketeza magari. Hesabu matambara kabla ya kufunga boneti. Na kama gari lako ni la haibridi, zile waya za rangi ya machungwa zina umeme wa volti mia kadhaa; mwachie aliyezisomea.

Sasa tufike kwenye kizimamoto. Magari yetu mengi yanacho, kwa sababu askari wa barabarani huulizia. Lakini kiko wapi? Kwenye buti, chini ya tairi la akiba, na buti la magari mengi ya siku hizi hufunguka kwa umeme. Wewe umeshaondoa betri. Moto ukianza kwenye injini, kizimamoto chako kimefungiwa. Kitoe kabla hujaanza kazi, na usikiweke kando ya gari. Kiweke kwenye njia ya kutokea, ili unapokikimbilia uwe unakimbilia usalama, na ukishindwa uwe umeshafika mlangoni.

Kitazame mshale wake kama uko kwenye kijani. Kile kidogo cha kilo 1 kinatoa unga kwa sekunde chache tu, na si kingi kwa moto wa petroli. Mwenye desturi ya kufanya kazi nyumbani anunue cha unga mkavu cha kilo 6 akitundike mlangoni, na awafundishe wote wa nyumbani kukitumia: vuta pini, elekeza mdomo wake kwenye shina la moto, si kwenye ndimi, bana mkono, fagia kushoto na kulia. Simama upande upepo unakotoka. Ndoo ya mchanga mkavu nayo ni rafiki. Inafunika petroli iliyomwagika na kuzima moto mdogo wa sakafuni. Maji usiyamwage kwenye petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji, na utakuwa umeusambaza moto banda zima.

Moto ukionekana chini ya boneti, usiinue boneti yote. Hewa mpya ikiingia kwa wingi, moto utakurukia. Achia kidogo tu, upulize unga kupitia upenyo.

Na hapa, msikilizaji, nataka unisikilize kwa makini kuliko popote. Una nafasi moja. Kizimamoto kikiisha na moto bado upo, au moshi ukianza kushuka usawa wa kichwa, toka. Usirudi kuchukua kadi ya gari, simu wala vifaa. Viti vya gari ni sponji, na sponji ile ikiungua hutoa moshi wenye sumu kali; pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu mwenye afya. Toa kila aliye ndani ya nyumba, kisha piga simu. Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kwa wanaotusikiliza Kenya, namba ya dharura ni 999. Sema mtaa, sema alama ya karibu, na tuma mtu barabarani awaelekeze, maana nyumba zetu nyingi hazipatikani kirahisi. Piga mapema. Watu husubiri mpaka ndoo zishindwe ndipo wanakumbuka simu.

Nguo ikishika moto, usikimbie. Lala chini ujiviringishe, au mwenzako akufunike kwa blanketi zito. Kama nguo zimelowa petroli, zivue kabla hujasogelea moto wowote, hata wa jikoni. Na jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Usipake dawa ya meno, wala ute wa yai, wala mafuta ya kupikia. Vitu hivyo vinashikilia joto na kuleta uchafu kwenye kidonda, na daktari atalazimika kuvisugua mgonjwa akiwa na maumivu makali.

Wazee husema ajali haina kinga, na msemo huo tunautumia kufarijiana msibani. Sawa, ubaki kwa ajili ya msiba. Usiingie gereji. Moto wa petroli una kinga, nayo ni ya kila mtu: kusukuma gari nje, kufungua betri, kuondoa jiko, kutoa kufuli, kuweka kizimamoto mlangoni. Mambo hayo matano hayahitaji elimu ya chuo wala fedha nyingi, na yote yanakwisha kabla chai haijapoa. Ambaye hayafanyi mara nyingi si kwa kutojua. Ni kwa haraka, na kwa sababu jana alifanya hivyohivyo na hakuna kilichotokea. Jana mvuke haukukutana na cheche. Huna mkataba nao kwamba leo hautakutana.

Ninawaomba pia mafundi mnaoitwa majumbani. Mwenye gari akikuharakisha, mwambie taratibu, "Bosi, tutoe gari nje kwanza." Mwenye kazi akisikia hivyo hatakudharau, atajua amepata fundi. Nanyi wenye magari, mkimwona fundi anachukua muda kuandaa mahali, msimhesabie kuwa ni uvivu. Mlipeni na muda huo.

Kwa leo, kabla hujarudi kwenye kazi yako, fanya jambo moja. Nenda ufungue buti, utoe kizimamoto, utazame mshale wake. Kama hauko kwenye kijani, kazi ya mafuta leo iahirishwe, kwanza kakijaze.  Kazi njema, na Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.